Eti baridi ya Mwanihana ni ya kukaza roho!

Najua nimepotea wiki mbili nzima. Lawama zote zipelekeni kwa andalio la somo na lile azimio la kazi nililorudishiwa mara mbili. Shajara hii ya kampasi kwa sasa imehamia bondeni Kilombero, niko BTP, nafundisha Jiografia kidato cha tano kwenye shule ambayo siitaji jina kwa sababu alama zangu bado nazihitaji. Ifakara nyumbani ni pua na mdomo, kila Ijumaa jioni niko kwa bibi nakula ubwabwa wa mchele mpya. Kwa hiyo maisha siyo mabaya. Kilichonileta hapa leo ni hasira.

Jumatano tulikuwa na kikao cha walimu. Ajenda ya tatu: safari ya klabu ya mazingira kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Wanafunzi 14, siku tatu, usiku mbili porini, mpaka kilele cha Mwanihana. Nilifurahi hadi chai ikapoa mkononi. Nikauliza swali moja tu, tena la kiungwana: watoto watavaa nini na watalalia nini? Mwalimu anayeongoza safari akanijibu, "Madam, watavaa sare ya michezo. Blanketi kila mtu atachukua la bwenini. Kwani tunaenda Ulaya?" Ofisi nzima kicheko. Nikasema, kwa heshima zote mwalimu, huko juu kuna baridi. Akaniangalia kama anamwangalia mtoto wa mjini aliyeona siafu kwa mara ya kwanza. Eti baridi ni ya kukaza roho, vijana wa siku hizi tumedekezwa, yeye enzi zake alipanda na kaptula na kandambili. Wakaingia ajenda ya nne, ukarabati wa vyoo.

Nilinyamaza. Mwanafunzi wa mazoezi anabishana na nani? Ila hapa ni kwangu, na leo nasema yote.

Kwanza mie siyo mtoto wa mjini. Nimezaliwa Ifakara, nimekua naruka madimbwi ya mpunga, najua joto la kwetu linavyomkausha mtu mate. Na hilo joto ndilo linalotudanganya. Mtu anakaa bondeni, shati limeganda mgongoni, anainua macho anaiona milima ile pale, imekaa tu kama ukuta wa nyuma ya nyumba, anasema aah, si hapo tu. Hapo tu kwa macho! Mwalimu wa Jiografia mwenzangu (ndiyo, kiongozi wa safari anafundisha Jiografia, naona aibu kwa niaba ya somo) anawafundisha watoto ubaoni kwamba joto hushuka kama nyuzi 6 kila unapopanda meta 1,000. Haya tufanye hesabu yake mwenyewe. Ifakara iko chini ya meta 300. Mwanihana ni zaidi ya meta 2,100. Tuseme usiku wa kipupwe hapa bondeni ni nyuzi 18, huko juu ukitoa hiyo 11 unabaki na 7. Hapo sijaweka upepo. Sijaweka ukungu. Sijaweka mtoto aliyelowa jasho kutwa nzima, na sare ya michezo ya pamba.

Kama hesabu haitoshi, waulizeni waliosafiri na TAZARA kutoka Ifakara mwezi wa saba. Mpaka Mlimba madirisha yako wazi, watu wanajipepea na magazeti, wauza ndizi wanakimbia na behewa. Treni ikishaanza kuukwea mlima na kuingia kwenye mahandaki, dirisha moja linafungwa, la pili linafungwa, kina mama wanatoa vitenge kwenye mabegi, na ukishuka Makambako alfajiri kila mtu amejikunyata kama kuku wa kienyeji aliyenyeshewa. Watu ni wale wale wa bondeni, wala hawajatoka Tanzania, ila miili imeshaanza kulalamika. Hakuna aliyewahi kushuka Makambako akaambiwa akaze roho. Anaambiwa avae sweta.

Sasa niwape kisa ambacho sijawahi kukiandika hapa. Mwaka jana, tukiwa mwaka wa pili, tulipanda njia hiyo hiyo ya Mwanihana, wanachuo 22. Waandaaji siwataji, wanajijua. Maelekezo yalikuwa mstari mmoja kwenye kikundi cha simu: njooni na nguo za kujisikia huru. Basi sisi tukajisikia huru. Jinzi kila mtu. Mie mwenyewe jinzi, tisheti ya pamba, raba za kutembelea mjini na khanga moja begini. Njia ile jamani siyo ya mchezo, ni kilometa 38 kwenda na kurudi na inapanda kwelikweli, mizizi, mawe yenye utelezi, mahali pengine unashika miti kwa mikono. Msitu unaanzia chini kabisa, meta 250 hivi, na unapanda nawe bila kukatika mpaka zaidi ya 2,000. Mchana tulitoka jasho kama tunachemshwa. Alasiri ukungu ukashuka, manyunyu yakaanza, na tulipofika kambi hapakuwa na uzi mkavu kwa mtu yeyote. Hakuna aliyebadilisha nguo kwa sababu hakuna aliyekuwa na ya kubadilisha.

Rafiki yangu, nitamwita Mwanakwetu, saa tatu usiku alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Tukamcheka, nami nikiwemo. Kama saa nne hivi akaacha kutetemeka. Tukasema afadhali, amepata joto. Wapendwa, naomba msome sentensi hii polepole: mtu aliyekuwa anatetemeka kwa baridi akiacha ghafla huku bado amelowa, hajapata joto, mwili umechoka kupigana. Aliyetushtua ni askari wa hifadhi tuliyepanda naye, mtu wa makamo, Mhehe, maana kila asubuhi salamu yake ilikuwa "kamwene". Alipita na tochi akamuuliza Mwanakwetu jina lake. Akajibu maneno yamevurugika kama mlevi. Yule baba hakupiga kelele. Akawatoa wavulana kwenye hema, akatuambia tumvue kila kitu kilicholowa, akavua sweta lake mwenyewe la sufu akatupa ndani. Tukamlaza juu ya mkeka uliokunjwa mara mbili, wasichana wawili tukamkumbatia huku na huku, blanketi juu, kofia kichwani. Alipokuwa anaweza kumeza vizuri akapewa chai ya sukari nyingi, kidogo kidogo. Kaka mmoja akaleta konyagi kwa nia njema kabisa, askari akaikataa. Akasema pombe inaleta damu kwenye ngozi, mtu anahisi moto kumbe joto la ndani ndilo linakimbia. Baada ya muda mrefu, mie nauona kama mwaka, Mwanakwetu akaanza kutetemeka tena. Yule baba akacheka kwa mara ya kwanza: "Sasa anarudi."

Chuoni watu wanakisimulia kama kichekesho. Mwanakwetu hakisimulii. Na mie kila nikisikia "kaza roho" nauona ule mdomo wake. Alikuwa na roho iliyokazwa kuliko sisi wote, ndiyo maana hakusema kitu mpaka akashindwa kulitaja jina lake.

Nasikia mnaniambia, lakini sisi Waafrika tumezoea, baridi ni mambo ya wazungu. Kha! Tumezoea wapi? Yohannes Rebmann alipofika Uchagga mwaka 1848 na kuiona theluji ya Kilimanjaro, wenyeji tayari walikuwa na habari zake za siku nyingi. Aliandika kwamba alisimuliwa jinsi mangi wa Machame alivyowahi kutuma watu wapande wakakichunguze kile cheupe cha juu. Wengi hawakurudi, na aliyerudi mikono na miguu ilikuwa imeharibika. Hao hawakuwa wazungu, tena walikuwa watu wa mlimani, siyo wa mpunga kama sisi. Tuje karibu zaidi. Pale Moshi mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, na mojawapo ya kazi zake ni kuwaazima wapagazi nguo za baridi bure. Kwa nini, kama tumezoea? Kwa sababu mpagazi anayebebea wageni mahema na mayai alikuwa anapanda na nguo za kuendea sokoni. Baridi haiulizi umetoka bara gani. Inauliza umevaa nini na umelowa kiasi gani.

Halafu hii hoja ya mlima kuwa wa wazungu inaniudhi kwa upande mwingine pia. Usiku ule wa tarehe 9 Desemba 1961 aliyesimamisha bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni Kilimanjaro alikuwa Luteni Alexander Nyirenda. Kila mwaka tunaufundisha huo usiku darasani, watoto wanaukariri. Mnadhani alipanda na kaptula na kandambili? Nchi hii imeanza na mtu aliyejiandaa kwa ajili ya baridi.

Sasa kabla walimu wa kaza roho hawajanikasirikia peke yao, naomba nigeukie kundi la pili, maana nao wamenichosha: wazee wa orodha. Baada ya kikao, mwenzangu mmoja wa BTP, mtu mwema, akanitumia kwenye simu orodha aliyoitoa mtandaoni ya vitu vya safari ya milimani. Vitu 41! Buti za dola 150. Suruali tatu za aina ambazo sijawahi kuziona. Vyuma vya kufunga chini ya viatu ili usiteleze kwenye barafu. Na hiki kilinimaliza kabisa: dawa ya kupuliza ya kumfukuza dubu. Dubu! Udzungwa kuna tembo, kuna nyati, ndiyo maana njia ndefu unapanda na askari mwenye bunduki. Dubu atatoka wapi, Kidatu? Mtu aliyeandika ile orodha hana kosa, aliwaandikia watu wa kwao. Kosa ni la anayeinakili akampa mtoto wa mkulima wa Mang'ula, mtoto anaisoma, anaona gharama inazidi ada ya mwaka, anajitoa kwenye safari. Mlima uko nyuma ya nyumba yao, anauona kila anapokwenda chooni, na ataumaliza ujana wake bila kuupanda, eti kwa sababu hana buti za dola 150.

Makundi haya mawili yanaonekana maadui lakini kazi yao ni moja. Mmoja anamwambia mtoto huhitaji chochote, mwingine anamwambia unahitaji kila kitu. Hakuna anayekaa chini na mtoto amuulize, haya mwanangu, nyumbani kuna nini?

Mie nimekaa. Jana jioni nilikaa na bibi yangu kibarazani, nikamweleza. Bibi hajawahi kupanda mlima wowote ila alichoniambia kina akili kuliko orodha nzima. "Mjukuu wangu, mtu hafi kwa baridi, anafa kwa maji." Akimaanisha kulowa. Tangu hapo nimeandika orodha yangu, na naiweka hapa ili mtu yeyote mwenye darasa aichukue.

Nguo za kulalia hazivaliwi mchana. Hii ndiyo amri ya kwanza na ukisahau nyingine zote usisahau hii. Seti moja kavu: suruali, fulana ya mikono mirefu, sweta, soksi nene. Inafungwa ndani ya nailoni na haifunguliwi mpaka mtu amefika kambi, amevua yaliyolowa na amejifuta. Zamani tungesema weka kwenye rambo, lakini mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na hifadhini ndiyo usithubutu. Chukua nailoni ya ndani ya mfuko wa mbolea, ioshe vizuri mara tatu, ianike. Kila nyumba bondeni inayo. Haipitishi maji hata ukiidumbukiza mtoni.

Jinzi zibaki nyumbani. Pamba ikilowa haikaushwi na mwili, inaunyonya mwili. Kinachotakiwa ni sufu au yale masweta mepesi ya manyoya ya poliesta ambayo mitumbani yamejaa tele na hayana mnunuzi, kwa sababu nani wa Ifakara anataka sweta? Hii ndiyo siri kubwa ya bonde letu wadau. Nguo za baridi kwetu ni za bei ya kutupa! Wiki iliyopita nimeokota sweta zito la sufu, kidogo tu limetoboka kiwikoni, kwa shilingi 2,000. Njombe hilo sweta lingegombaniwa. Tabaka mbili nyembamba na koti la mvua juu zinashinda koti moja nene, kwa sababu ukipanda unavua, ukisimama unavaa, na jasho halikukuti.

Viatu. Wenye raba imara za soli yenye meno wavae hizo, zisiwe mpya. Wasio nazo, gambuti. Ndiyo, gambuti hizi hizi za kulimia mpunga, na anayecheka aende Uganda. Milima ya Rwenzori, ambako Margherita inafika meta 5,109, watu wa dunia nzima wanavuka matope ya kule wakiwa na gambuti, wageni na wapagazi pamoja. Ziwe saizi sahihi, soksi mbili, basi. Kandambili ziende pia, ila za kambini.

Chini ya mwili kuliko juu ya mwili. Watu wanabeba mablanketi mawili ya kujifunika na wanalala juu ya turubai tupu, halafu wanashangaa. Ardhi inanyonya joto usiku kucha. Mkeka wa ukindu uliokunjwa, na juu yake kipande chembamba cha godoro, hata lile la bweni lililochakaa, likate. Blanketi moja likiwa kavu na kichwani una mzula, utalala.

Chakula sasa, na hapa nagombana na jikoni la shule. Wamepanga maharage. Maharage! Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi na kuni za msituni haziruhusiwi kukatwa. Watapika mpaka lini? Sisi watu wa Kilombero tumejaliwa pepeta, mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, haupikwi, hauna uzito, unautafuna unatembea. Weka karanga na sukari ndani yake. Ongeza mayai ya kuchemsha na viazi vitamu vya siku ya kwanza, mtungi mdogo wa gesi kwa ajili ya chai na uji, imetosha. Nani aliwahi kutuambia chakula cha safari lazima kiwe na lebo ya kigeni?

Na kuna kitu hakuna orodha ya mwanaume iliyowahi kukiandika. Katika wale 14, wasichana ni sita. Taulo za kike, na nailoni ya kurudishia zilizotumika, maana msituni hatuachi kitu. Nililitaja hili kwa mwalimu wa malezi peke yake ofisini, akanishukuru mara tatu. Kikaoni asingeweza kulisema.

Mtaniuliza hela. Nimepiga hesabu kwa kila mtoto, kama anaazima blanketi na mkeka kwao na anatumia nailoni ya mbolea, kinachobaki ni sweta, mzula, soksi, na koti la mvua kwa wasio nalo. Kwa bei za mitumba za kwetu haizidi shilingi 12,000, na kwa wenye vitu nyumbani ni chini ya hapo. Ni pesa, sikatai, kuna wazazi watakaoshindwa. Lakini safari hiyo hiyo imetengewa fedha za tisheti 14 mpya za kumbukumbu, zenye jina la klabu mgongoni. Tisheti za pamba! Uzeni hilo wazo, nunueni masweta. Picha zitapendeza tu.

Safari ni tarehe ambayo inanipa siku 12. Leo asubuhi nimemwandikia mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja, nimeweka hesabu ya nyuzi 7, orodha na bei, na nimeomba safari ipewe sharti moja: mwanafunzi asiye na seti kavu ya kulalia asipande, na shule imtafutie. Kisa cha Mwanakwetu nimekiweka aya ya mwisho, kwa ruhusa yake. Nilimpigia simu jana usiku kumwomba. Alikaa kimya kidogo, akasema andika, ila na wewe uandike kwamba mlinicheka. Nimeandika.

Mwalimu wa kandambili amepita dirishani kwangu mchana, akaniuliza, "Madam, bado unaogopa baridi?" Nikamwambia shikamoo mwalimu, bado naogopa. Akaenda. Dakika kumi baadaye akarudi akaniuliza, kwa sauti ya chini, lile sweta la 2,000 nililipata meza ya nani. Keshokutwa Jumamosi kuna belo jipya linafunguliwa sokoni saa moja asubuhi, nimemwambia anikute pale, aje na daftari la majina na vipimo vya watoto.